Vitabu Visivyo na Wino

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye banda langu la kutengeneza baiskeli, karibu na soko la Ifakara, nikitafuta pancha kwenye mpira uliojaa viraka, mwanangu aliponiambia kwamba karatasi aliyoishika imeandikwa. Sikuinua kichwa. Nilimwambia ale kwanza, vitumbua vitapoa. Karatasi zote za vitumbua zimeandikwa. Kama si gazeti la zamani, basi ni daftari la mwanafunzi aliyemaliza shule. Kisha nikakumbuka kwamba mwanangu haoni, na mkono wangu ukabaki ndani ya beseni la maji.

Haoni kabisa, tangu kuzaliwa. Mke wangu ndiye aliyegundua, alipoona mtoto anageukia sauti lakini hageukii taa. Hospitali daktari alituambia kwa upole kwamba macho yenyewe ni mazuri kwa nje, ila kile kinachopeleka mwanga kichwani hakikukua. Nilimwuliza dawa yake ni ipi. Akanijibu kwamba dawa yake ni shule. Nilitoka pale nimekasirika, nikimwambia mke wangu kuwa yule bwana ametudhihaki. Mtoto alikuwa hajaanza hata kukaa.

Mama yangu alikuja kutoka Namawala siku chache baadaye. Nilitegemea alie. Alimpokea mjukuu wake, akamkagua vidole vya mikono na vya miguu, akauliza kama ananyonya vizuri, akamfunga mgongoni na kwenda naye kupepeta mchele. Kwa hiyo kwetu mtoto hakufichwa. Alikulia katikati ya watu, akijua kila mteja wangu kwa mlio wa baiskeli yake.

Alipofika umri tukampeleka shule ya bweni yenye kitengo cha wasioona, nje kabisa ya bonde letu. Huko wanafundishwa kusoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta nundu, vile vinundu vidogo vinavyochomoza juu ya karatasi. Muhula wa kwanza ulipoisha alirudi amekonda na ana maneno mengi. Alitaka kusoma. Shida ni kwamba vitabu vya shule yao vilikuwa vichache na havikuruhusiwa kutoka darasani, na nyumbani tulikuwa na Biblia ya mke wangu, kalenda ya duka na simu zetu.

Likizo ile alipapasa kila kitu. Alipapasa maandishi yaliyochomoza kwenye matairi ya wateja, akaniuliza yanasema nini, nikamtajia jina la kampuni na saizi ya tairi. Akasema hayo si maneno ya kusoma. Nikaanza kuzunguka. Duka la vifaa vya shule walinionyesha kitabu chenye picha kubwa za wanyama, wakasema watoto hupenda rangi. Nilipowaeleza tena, muuzaji akakirudisha kitabu mahali pake taratibu kama mtu aliyefanya kosa msibani. Ofisi ya elimu walinipokea vizuri na kuniambia nifuatilie. Nilifuatilia mpaka mlinzi wa getini akawa ananisalimia kama mfanyakazi mwenzake. Mwalimu wa mwanangu naye alinieleza kwa simu kwamba kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa nukta nundu kinakuwa majuzuu manene kadhaa, kwamba vinachapwa mbali, kwamba vinachelewa. Miaka ikapita hivyo. Mtoto akienda shule anasoma, akirudi nyumbani anapapasa matairi.

Sasa turudi kwenye vitumbua.

Niliinuka na kwenda alipokaa, juu ya kisanduku cha vifaa. Vitumbua alikuwa ameviweka pajani, karatasi ameitandaza juu ya goti, anaifuta mafuta kwa shati. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinatembea.

"Mbu jike," alisoma, "hutaga mayai yake kwenye maji yaliyotuama." Akafika ukingoni. "Halafu imechanika."

Mteja aliyekuwa akisubiri baiskeli yake alicheka, akasema Ifakara hata vitumbua vinafundisha malaria. Mimi sikucheka. Nilidhani mtoto anakariri somo la darasani, nikamwambia arudie. Akarudia, neno kwa neno, kidole kikitembea vilevile. Niliichukua ile karatasi. Ilikuwa nene, rangi ya maziwa, kubwa kuliko ya daftari, na yote ilikuwa imejaa vinundu. Ilikuwa inanuka iliki na mafuta.

Mama wa vitumbua hukaa ng'ambo ya njia, mbele ya mashine ya kukoboa mpunga. Ni mtu mzima, tunaheshimiana. Nilimwamkia, nikamwonyesha ile karatasi na kumwuliza ameitoa wapi. Alifikiri nimekuja kulalamika juu ya uchafu.

"Fundi, hizo ni safi," alisema. "Gazeti linaacha wino kwenye chakula. Hizi nilizichagua kwa sababu hazina kitu."

Nikamwambia kwamba hizo ni kurasa za kitabu. Nikamwita mwanangu avuke, akaja akipapasa hewa, nikampa karatasi nyingine kutoka kwenye fungu lililokuwa chini ya meza. Akasoma kuhusu mvuke wa maji. Akapewa nyingine, akasoma hesabu ya kugawanya. Yule mama alikuwa ameshika kijiko cha kugeuzia, na vitumbua vilivyokuwa kwenye kikaango vilianza kutoa moshi. Hakuviona. Alikuwa anatazama vidole vya mtoto, na uso wake ulibadilika kidogo kidogo.

"Nimewafungia watu vitabu?" aliniuliza. "Tangu masika yaanze?"

Alikaa kwenye kigoda, akakumbatia magoti yake. Baadaye alitupa fungu lote lililobaki, halina jalada, limechanwachanwa, na mwanangu akalibeba kifuani kama mtu aliyebeba kuku. Aliuliza kurasa nyingine ziko wapi. Hakuna aliyemwambia kwamba watu walishamaliza kula, wakafuta vidole na kuzitupa.

Yule mama alizinunua kwa mtu anayezunguka na baiskeli akikusanya chupa, vyuma na makaratasi. Nilipomsikia akimwelezea nilijua ni nani, kwa sababu keria ya baiskeli ile niliichomelea mimi mwenyewe. Ile mizigo ilipita mbele ya banda langu. Nilikwisha kuijaza upepo baiskeli yake ikiwa imebeba vitabu ambavyo nilikuwa nimevitafuta kila ofisi. Nilipompata, alinieleza bila kuficha kwamba alizitoa kwenye shule moja ya msingi upande wa Malinyi, walipokuwa wakisafisha stoo ili waweke mahindi ya uji wa watoto.

Kesho yake niliazima pikipiki ya shemeji yangu, nikampakia mwanangu, tukaondoka asubuhi. Barabara ilikuwa na madimbwi, mpunga umeshaanza kuiva pande zote mbili, na watu walikuwa mashambani wanaamia ndege kwa makelele. Mwanangu hakuniuliza tunakaribia au bado, kama anavyofanya safari nyingine. Alikuwa ameshika mkanda wangu kwa nguvu.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, amehamia shule ile si zamani. Nilimweleza kilichotuleta, nikaona hanielewi, nikamwambia mwanangu atoe zile kurasa. Alisoma mstari mmoja tu. Mwalimu mkuu alichukua funguo mezani, akatutangulia stoo.

Maboksi yalikuwa bado yapo, nyuma ya magunia ya mahindi. Ya chini yalikuwa yameliwa na mchwa, lakini ya juu yalikuwa hayajafunguliwa hata mkanda. Alituambia kwamba alipofika aliambiwa ni makaratasi yaliyoharibika kiwandani, yakaja na kusahauliwa. Hakuna aliyekumbuka yaliletwa na nani wala lini. Labda zamani kulikuwa na mpango wa kupokea watoto wasioona, alisema, ukaishia njiani. Mwenyewe aliamini kwamba katika kata yao hawapo. Tangu afike hajaandikisha hata mmoja.

Mwanangu alikuwa ameshakaa sakafuni. Alifungua boksi, akatoa kitabu, akapitisha mkono kwenye jalada. "Hiki ni Hisabati," alisema. Akatoa kingine. "Hiki ni Kiswahili. Hiki Sayansi. Hiki mmekiweka kichwa chini." Walimu walikuwa wamejaa mlangoni, na mmoja wao, kijana aliyekuwa na chaki bado mkononi, alipiga hatua ya kuja ndani kisha akasita, kama mtu anayeogopa kukanyaga. Tulisikia tu kurasa.

Hapo ndipo alipoingia mpishi wa shule, mwanamke mwembamba mwenye kitenge kilichofifia, ameleta uji wa wageni. Alitua vikombe juu ya gunia. Alimtazama mwanangu kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya mtu kumtazama mgeni.

"Baba, huyu mtoto haoni?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba haoni.

"Na hapo anafanya nini?"

"Anasoma, dada."

Alifuta mikono kwenye kitenge, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa mikavu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hizo karatasi ndizo anazowashia moto wa uji. Mwalimu mkuu aliingilia haraka, akasema ni yeye aliyemruhusu, lawama ni yake. Mpishi alikuwa hamsikilizi.

"Mimi ninaye," alisema.

"Una nani?" mwalimu mkuu alimwuliza.

"Binti. Haoni tangu alipougua surua, alikuwa mdogo. Yuko nyumbani." Akanyoosha kidole kupitia dirisha la stoo. Ng'ambo ya uwanja wa mpira, baada ya migomba, palionekana nyumba ya bati. Mtu angeweza kumwita mwenzake kutoka pale shuleni akasikia.

Nimeona watu wengi wakishtuka katika maisha yangu, lakini sijasahau uso wa yule mwalimu mkuu. Kila asubuhi alikuwa akiamkiana na mpishi wake, wakizungumza habari za maharage na kuni. Alijua anakotoka, alijua kwamba mume alishafariki, alijua anaumwa mgongo. Alimwuliza kwa nini hakuwahi kusema. Mpishi alifikiri kidogo kabla ya kujibu, na hakukuwa na hasira hata chembe katika sauti yake.

"Hakuna aliyeniuliza, mwalimu. Na mimi nilijua shule ni ya wanaoona."

Mwalimu mkuu aliketi juu ya gunia la mahindi. Uji ulipoa pale pale.

Tulikwenda wote nyumbani kwa mpishi, tukikatiza uwanja, watoto wa shule wakitutazama kupitia madirishani. Binti alikuwa amekaa barazani na ungo wa mchele, anachambua. Nilitegemea kumkuta mtoto. Nilikuta msichana mkubwa tayari, mrefu, amesukwa vizuri, vidole vyake vinatoa mawe kwenye mchele haraka kuliko macho yangu yangeweza. Alisikia miguu ni mingi, akaacha ungo, akasema shikamooni. Mama yake aliinama, akamweleza kwamba wamekuja wageni na mtoto asiyeona, na kwamba mtoto huyo anasoma.

Nadhani msichana alifikiri ni utani wa watu wazima. Mwanangu alikaa karibu naye, akafungua kitabu cha Kiswahili alichokuja nacho, akautafuta mkono wake na kuuweka juu ya ukurasa. Msichana alipapasa kidogo, akatulia.

"Huu upele naujua," alisema.

Aliinuka, akaingia ndani. Tulisikia godoro likifunuliwa. Alitoka na fungu la karatasi nene zenye rangi ya maziwa, zimenyooshwa vizuri, zimefungwa kwa uzi wa kiroba. Mama yake alishika nguzo ya baraza. Yeye alikuwa akizileta nyumbani mojamoja, kwa ajili ya kuwashia jiko, na alikuwa ameshaona kwamba zinaisha haraka. Alidhani ni panya. Kumbe binti alikuwa anaziokoa. Alizipenda tu, alisema, zilikuwa nzuri kwenye vidole. Alidhani ni urembo, kama kitambaa kilichotariziwa. Mama akiwa kazini, yeye alikuwa akizitoa na kuzipapasa mchana kutwa.

Kisha akamwambia mwanangu jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele zinanisimama.

"Kuna hiki kinundu kinachokaa peke yake," alisema, akakitafuta kwa kidole kwenye moja ya kurasa zake, akakionyesha. "Kinarudi kila mahali. Hakikosi mstari hata mmoja. Ni cha nini?"

Mwanangu alikigusa. "Hiyo ni a," alisema.

Muda wote ule, peke yake kwenye kile chumba, bila mtu wa kumwambia kwamba ni maandishi, alikuwa ameikamata herufi a. Niligeuka nikamtazama mwalimu mkuu, naye alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Kwa hiyo ni maneno?" msichana aliuliza.

Mwanangu akamwambia ndiyo, ni maneno, na akamsomea mstari mmoja huku ameushika mkono wake ili aupitie pamoja naye. Ulikuwa mstari wa kawaida tu, kuhusu mkulima na jembe lake. Msichana aliusikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akauliza, bila kumlenga yeyote, kama na yule anayesoma kanisani Jumapili naye huwa ameshika maneno. Mama yake akamwambia ndiyo, ameshika kitabu.

"Nilidhani anakumbuka," alisema. "Nilikuwa namwonea huruma, kukumbuka yote yale."

Mpishi alishuka barazani akaenda nyuma ya nyumba. Hatukumfuata. Aliporudi alikuwa amenawa uso, na alituuliza kama tutakula wali.

Vitabu vilivyosalia tuliviokoa. Mwalimu mkuu aliwatoa wanafunzi kwenye darasa moja, wakatandika mikeka, vikaanikwa wazi hapo, na mwanangu alimalizia likizo yake akivipanga, kimoja kimoja, mimi nikimpeleka na kumrudisha. Vingine mchwa walikuwa wameshavitoboa katikati, na yeye akawa anakasirikia mchwa kama watu. Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alisimama, akasema wazi yaliyotokea, akaomba kila mwenye mtoto asiyeona nyumbani, au anayemjua mwenye mtoto kama huyo, aje kwake faragha. Alidhani atapata mmoja au hakuna. Walikuja wengi mpaka akanipigia simu. Kulikuwa na mama wa kambi ya wavuvi kando ya mto. Kulikuwa na mfugaji wa Kisukuma aliyekuja na mtoto wake kwa baiskeli kutoka mbali. Na habari ilipofika Ifakara, alijitokeza baba mmoja ambaye nyumba yake iko nyuma tu ya soko. Nilikuwa nikipita mlangoni kwake kila siku ninapokwenda kununua chai. Mtoto wake ni mdogo kuliko wangu, na sikuwahi kusikia hata sauti yake.

Tulianza kukutana pale shuleni, wazazi na watoto, siku za mapumziko. Mwalimu wa mwanangu alifunga safari akaja mara moja, akatufundisha wazazi kusoma nukta nundu kwa macho, ili tuweze kuwasaidia. Mke wangu alishika haraka. Mimi vidole vyangu vimeota sugu ya spana na macho yangu huchanganya d na f, mwanangu anacheka. Mama wa vitumbua amekuja pia, na beseni lake. Siku hiyo aliviweka kwenye sahani.

Sitaki nionekane nasema mambo yote yamekaa sawa. Yule mfugaji alikuja mara ile moja, hakurudi, na aliyekwenda kumfuata alikuta ameshahamisha ng'ombe. Mwalimu wa kudumu tuliyeahidiwa hajafika. Ile shule ya bweni walisema msichana amepita umri wa kuanza darasa la kwanza, basi mwalimu mkuu akamwandikisha hapo hapo shuleni kwake, anakaa na watoto wadogo, magoti yamegota kwenye dawati. Watoto wanagombania nani amshike mkono wakati wa kwenda kunywa uji.

Mwanangu alipoondoka kurudi shuleni alimwachia yule msichana kibao chake cha kuandikia na kile kisindano cha kutobolea. Wiki iliyopita mpishi alinipigia simu nikiwa kazini. Alisema binti ameandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi, na wameibandika ukutani. Sasa mwenyewe amelipapasa tena, amegundua herufi mbili zimebadilishana nafasi, anataka aichane. Mama yake alitaka ushauri wangu, aitoe au aiache.

Nikamwambia aiache, na amtafutie karatasi nyingine.